Siku Niliyomwibia Tabibu Clutterbuck

Jumapili, 1 Mei 1814

Msiba. Leo kanisani Kasisi Stote ametangaza ndoa ya Obadiah Clutterbuck, tabibu wa hapa Wenbury, na Bi Theodosia Garraway. Bi Theodosia wangu! Nimempangia mipango miaka minne! Kasisi akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nikasimama. Kanisa zima likageuka, kofia zote za kina mama zikanielekea. Nikasema dirisha la kaskazini linapitisha upepo. Nikakaa.

Bado Jumapili mbili za kutangazwa, halafu harusi Jumanne tarehe 17. Muda tele kwa mtu mwenye akili. Clutterbuck ana miaka hamsini, kitambi, na mikono inayonuka siki.

Dada yangu Philippa, anayenitunzia nyumba, amenishauri niende tu nikamwulize Theodosia kama atanikubali. Masikini Philippa. Ameazima maktaba riwaya zote za mapenzi, juzuu tatu tatu, na hajaambulia kitu. Mimi nazisoma akishalala kidogo mchana, na ninaelewa. Hakuna shujaa aliyepata mke kwa kumwuliza. Shujaa huugua, au huokoa mtu, au hupita na farasi akiwa na majonzi.

Jumatano, 4 Mei

Nimeanza na kuugua. Nimelala tangu asubuhi, uso nimeupaka unga, nikimtaja Theodosia kwa sauti hafifu lakini ya kusikika mpaka barabarani. Mpango: habari zimfikie, aje mbio, alie.

Philippa akaita tabibu. Wenbury ina tabibu mmoja.

Clutterbuck ameniwekea ruba kumi na wawili waninyonye damu. Amenihurumia sana, jambo lililonikera kuliko ruba wenyewe. Akasema homa ya aina hii huwapata wanaume wasio na mke, na akanitakia nipate mwanamke mwema kama wake. Nimepona saa ileile.

Jumapili, 8 Mei

Tangazo la pili. Sikusimama. Watu waligeuka kunitazama hata hivyo.

Jumapili, 15 Mei

Tangazo la tatu. Hakuna pingamizi. Na mimi nimekaa kimya nikitabasamu, kwa sababu nimepata wazo, na ni zuri mno.

Sheria ya kanisa letu haitaki mchezo: ndoa hufungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, basi. Ikigonga sita, kitabu kinafungwa, hata bibi harusi awe amepiga magoti. Kasisi Stote anamwogopa askofu kuliko anavyoiogopa jehanamu. Saa ya mfukoni hana. Anafuata saa ya mnara.

Na nani anayetunza saa ya mnara? Nani mwenye ufunguo, miaka tisa sasa, kwa heshima tupu? Ambrose Twelvetrees, mtumishi wenu.

Jumanne, 17 Mei

Ushindi!

Harusi ilipangwa saa tano. Nilingoja mnarani mpaka nilipoliona gari la kina Garraway likishuka kilima, nikausukuma mshale mbele saa nzima. Utosi ukanijaa mavi ya njiwa, lakini mapenzi ni mapenzi. Bibi harusi alipokanyaga kizingiti tu, kengele ikagonga. Sita.

Kasisi akafunga kitabu. Clutterbuck akatoa saa yake ya mfukoni, akasema, "Kasisi, hii yangu ni tano kamili." Kasisi akamjibu kwamba saa ya mnara haijawahi kukosea tangu Bwana Twelvetrees aanze kuitunza. Nilikuwa nimeshashuka, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Wakati huohuo honi ya gari la barua ikalia barabara kuu. Theodosia akaisikiliza. Akautazama mnara, akanitazama mimi na nywele zangu. Nilidhani atasema kitu. Akamwambia Clutterbuck tu, "Siku moja haiozi, Obadiah. Twende nyumbani. Kesho saa mbili tutakuwa hapa."

Kwa hiyo nina siku nzima! Philippa akanishika mkono pale langoni. "Kaka, sasa hivi. Nenda kwake umwulize. Maneno manne tu hata mtoto anaweza." Nikamwambia nina kazi, natafuta farasi.

Farasi wa majonzi huwa mweusi. Wenbury nzima ina mweusi mmoja, jike la msaga unga, lenye umri wa Philippa. Nikaazima. Nikavaa joho. Nia: kupita mbele ya dirisha la Theodosia, kichwa chini, joho likipepea, mara moja tu. Yeye atoke, anisihi nisiende vitani. (Vita vimeisha mwezi uliopita, lakini joho halijui.)

Sikuambiwa kwamba jike lile hupeleka unga. Linasimama mlango wa kila mteja wa msaga na haliondoki mpaka mtu atoke. Nimesimama kwa mwoka mikate. Nimesimama kwa mjane Pym, mara mbili, maana ana milango miwili. Nimesimama kwa Bi Prudence Oakshott, akatoka na bakuli, akaniuliza kama nimebadili kazi.

Kwa kina Garraway? Wale hununua unga mji wa pili. Jike lilipita pale mbio, mahali pekee nilipowahi kuliona likikimbia. Nikarudi. Likapita tena vilevile. Mara zote mbili nilimwona Theodosia dirishani, mlango wa mbele uko wazi, na birika mezani. Ukarimu wake kwa Clutterbuck unatia uchungu.

Baadaye likanitupa kwenye bwawa la bata. Jioni nikarudisha mshale wa saa mahali pake. Mimi si mtu mbaya.

Jumatano, 18 Mei

Wameoana. Saa mbili na dakika tano, kwa saa yangu.

Nikaenda kuwapongeza, mwungwana ni mwungwana. Clutterbuck alikuwa akimtafutia kasisi keki. Theodosia akanivuta kando ya ukumbi wa kanisa.

Akasema gari la barua hupita Wenbury saa tano kamili kila siku ya Mungu, na jana lilipita wakati kengele ikigonga sita. Akajua ni mimi. Angeweza kumwambia kasisi papo hapo. Akanyamaza.

"Nilijisemea, haya, leo hatimaye atakuja. Nikafungua mlango, nikachemsha maji. Nimekaa pale mpaka saa kumi na mbili jioni, Ambrose. Umepita mara mbili."

Nikamweleza habari za wateja wa unga.

Akacheka, kisha akafuta macho kwa glavu. Akasema ningemwuliza Krismasi ya mwaka juzi angekubali. Ningemwuliza jana angekubali, ijapokuwa ingemwumiza mtu mwema. Obadiah hakuleta mashairi wala joho. Alikuja Alhamisi moja mvua inanyesha, akasimama kwenye mkeka, akamwuliza. Ndiyo yote.

Halafu akaninyooshea mkono na kusema, "Kaa salama, Bwana Twelvetrees." Sikuitwa Ambrose tena.

Moyo uliniuma. Naandika hivyo kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilikaa makaburini mpaka Philippa akaja kunichukua. Hakusema "nilikwambia". Alinipa mkate wa tangawizi, tukala.

Alhamisi, 19 Mei

Usiku nimetafakari na nimelibaini kosa langu. Kosa ni farasi.

Leo nikamrudishia msaga jike lake. Njiani likasimama, kama kawaida yake, mlangoni kwa Bi Prudence Oakshott. Miaka thelathini na mmoja, macho ya kijivu, anacheka vizuri. Ajabu sijawahi kumtazama. Akatoka, akalipapasa jike shingoni. Akasema amesikia ya harusi, na kwamba yeye binafsi haoni ubaya wa mwanamume kushindwa, ila haoni sababu ya kungoja miaka minne. Maji yapo jikoni, yamechemka. "Una la kuniuliza, Bwana Twelvetrees? Nina nafasi, na mlango uko wazi."

Nikamwuliza kama angeweza kulisukuma jike kidogo kwa nyuma.

Akalisukuma. Mwanamke mwema sana! Nimeamua nitamwoa. Na safari hii hakuna farasi, hakuna saa, hakuna ruba. Nitamwokoa. Kila Jumamosi yeye hukatiza malisho ya mkulima Hodge kwenda sokoni, na Hodge ana fahali. Mpole, nimehakikishiwa, labda aonyeshwe nguo nyekundu.

Philippa ana shali nyekundu. Kesho nitaiazima.