Spika za Bei Nafuu na Upande wa Pili wa Kaseti

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WENU WA SPIKA ULIVYONIVURUGIA NYUMBA

Natumaini u mzima, wewe na wote wa ofisini kwako, pamoja na yule mwandishi wenu wa ukurasa wa sauti anayejiita Bwana Masikio. Yeye ndiye ninayemshtaki, lakini salamu hainyimwi mtu.

Mimi ni fundi saa. Kazi yangu inataka kushika pumzi na kunyamaza, na nilikuwa mtu wa amani mpaka mwezi uliopita. Mwaka juzi baba mkwe wangu alifariki, akaniachia mimi, si wanawe, risiva yake ya stirio: ile ya zamani yenye ubavu wa mbao, kitufe kizito cha kutafutia stesheni, na taa ya kijani inayowaka taratibu kama mtu anayeamka usingizini. Juu yake palikuwa na karatasi imefungwa kwa uzi: "Hii ni ya fundi saa." Kwa nini mimi, karatasi haikusema. Marehemu kwa siku alitumia maneno kumi, na manane yalikuwa salamu.

Spika zake zilishaliwa na panya. Basi risiva ikakaa kwangu ikiwaka bila kusema, mpaka niliposoma makala ya Bwana Masikio kuhusu spika nafuu za kuifaa redio ya zamani. Nikamfuata neno kwa neno. Yaliyonipata ni haya:

1. Aliandika kwamba risiva ya zamani haina nguvu nyingi, ila nguvu yake ni ya kweli. Tusidanganywe na spika zilizoandikwa wati elfu moja. Tutafute zinazoitika kwa kusukumwa kidogo, zilizoandikwa nyuma om nane, kipimo cha ukinzani wa umeme. Kwa ushauri huo nimekosana na muuza spika wa mtaani kwetu, mtu mkarimu aliyenipa hata kiti. Spika zake zina taa za rangi tatu zinazocheza. Nilipozigeuza moja baada ya nyingine kutafuta om, akaniuliza, "Mzee, unanunua spika au unakagua wagonjwa?" Nikaondoka mikono mitupu, na wanangu hawajanisamehe zile taa.

2. Aliandika tubonyeze ukingo wa spika iliyokwisha kutumika, ule mviringo wa sponji, tuone kama bado una uhai. Nilibonyeza. Katika duka la pili, kwenye spika zenye ukubwa wa kabati la nguo, sponji ilimomonyoka kama keki ya juzi na kidole kikazama chote. Mwenye duka akashikilia kwamba mtoboaji ndiye mnunuzi. Nilijinasua kwa kumtengenezea saa yake ya ukutani bure. Saa yenyewe ilihitaji betri tu, lakini niliifungua yote na kukunja uso ili aone nimeteseka.

3. Hapa ndipo penye shina la kesi yangu. Aliandika, nanukuu: "Usinunue spika kabla hujaijaribu kwa sauti unayoijua kuliko zote." Ndugu Mhariri, mtu mwenye kalamu na afikiri kwanza kabla ya kuwaandikia watu waliooa. Sauti ninayoijua kuliko zote ni ya mama mkwe wangu.

Tulipooana na kuhamia mji huu, miaka kumi na minne iliyopita, mama mkwe, ambaye hapendi kuandika, alitutumia barua kwa kaseti. Upande wa kwanza ni salamu. Upande wa pili ni mimi. Kaseti zetu nyingine zote zilitafunwa na mashine. Hii peke yake mashine iliiogopa. Nikaibeba, pamoja na deki, mashine ya kuichezea, hadi kwa fundi wa redio aliyekuwa na spika mbili ndogo za mbao, moja ina mchubuko, bei yake hata fundi saa anaimudu. Tukafunga waya, nikabonyeza. Mama mkwe akasema, "Huyo mume wako hata msumari hajui kupigilia." Fundi wa redio akaweka chini chuma chake cha kulehemu, akaficha mikono nyuma. Nikajua hizi ndizo.

4. Spika hizo zinafaa mno, na hapo ndipo nilipoumia. Katika kiredio chetu cha zamani mama mkwe alisikika kama mtu aliyefunikwa debe. Kila maneno matatu, mawili yalipotea. Miaka yote hiyo nilidhani ana malalamiko matano juu yangu. Ni kumi na manane. Nilipozifunga nyumbani na kuicheza kaseti, mke wangu alikuwa jikoni. Aliposikia, aliitika, "Abee mama!", akaja mbio akifuta mikono. Akakaa, akasikiliza mpaka "haya kwaherini", akazima, akaniuliza kama lalamiko la tisa ni la kweli. Namba tisa alikuwa haijui kabisa. Nisingependa ichapishwe.

5. Bwana Masikio alisema spika zisiegemee ukuta, ziachwe nafasi zipumue. Nikazivuta, zikaishia dirishani. Kuta zina masikio, hilo tunalijua, ila dirisha lina jirani, na jirani yangu ni nesi mwenye kumbukumbu ya chuma. Siku hizi haniulizi habari za asubuhi. Ananiuliza, "Lile bomba umeshaliziba?" Bomba hilo ni lalamiko la kumi na mbili, la miaka kumi na minne iliyopita! Nakiri kwamba linavuja hadi leo, lakini hayo ni mambo ya ndani.

6. Mke wangu kampigia mama yake simu kumweleza jinsi anavyosikika vizuri. Mama mkwe anakuja kujisikiliza. Amesema huenda kuna mambo aliyasahau.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa heshima zote. Gazeti lichape masahihisho kwamba kwa mtu mwenye familia spika bora ni ile mbovu. Bwana Masikio mwenyewe afike kwangu, akae katikati ya spika mbili, pale alipoandika kwamba "sauti hukamilika", huku mama mkwe akimwangalia. Zaidi ya yote, mniandikie barua ya kumbembeleza fundi wa redio azipokee spika zake. Alinipa siku saba za kuzirudisha, na zinaisha Jumamosi. Jumamosi ikipita ni zangu moja kwa moja, na yale kumi na manane ni yangu moja kwa moja. Wahenga walisema sikio halipiti kichwa. Nyumbani kwangu limepita, na sijui nitalishushaje.

Nisalimie wachapaji, wasambazaji, mlinzi wa getini na wote wanaolisoma gazeti lenu bila kulitii.

Wako aliyekuwa mtulivu,
Fundi Saa

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, mama mkwe akafika. Hakutaka hata chai. Alikaa katikati ya spika, akajisikiliza upande wa pili wote, akiitikia kwa kichwa kila lalamiko. Ilipofika "haya kwaherini" nikanyoosha mkono kuzima, kama tulivyozoea. Akanizuia: "Acha. Siku ile sikujua kuzima mashine."

Ukafuata mvumo mtupu, mrefu. Kisha kikohozi, mbali, kama kutoka mlangoni. Kisha sauti ya mwanamume: "Mama, mwache kijana wa watu. Redio ikiimba, yeye peke yake ndiye anayesikiliza. Nikifa, mpe yeye." Mama mkwe wa kwenye kaseti akajibu, "Mh!", na utepe ukaisha.

Maneno kumi na matano, Ndugu Mhariri, na hakuna salamu hata moja. Hatukuwa na sauti ya marehemu popote. Mke wangu alilia, nami nililia, sioni haya kuandika. Mama mkwe amerudisha utepe mara tisa, na tangu hapo ametulia kama maji mtungini. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba spika hazitoki humu ndani.

Basi futa namba moja hadi sita, na maombi yote. Bomba nimeliziba leo asubuhi. Nabaki na swali moja kwa Bwana Masikio, na nitashukuru akinijibu kabla ya Jumamosi: je, kuna spika nyingine za bei hiyohiyo zenye besi zaidi kidogo? Mama mkwe anasema kikohozi cha marehemu kilikuwa kizito kuliko hivi.