Zizi la Baba Nililolichoma Mwenyewe

Jumatatu, 4 Machi
Mdogo wangu kaja tena. Kalisifu wee zizi lake jipya la waya, hadi chai ikapoa. Kisha akamwambia mama ahamie kwake, yeye na mbuzi wake, maana ua wetu umezeeka. Mama akasema atafikiri. Atafikiri! Mimi ndiye mkubwa, na hapa ndipo alipoolewa. Hahami mtu. Nina mpango.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: ua mpya kabla mama hajamaliza kufikiri. Huu wa miiba aliuanza marehemu baba, akiongeza matawi kila mwaka mpaka ukanipita kimo. Sura yake sasa, aibu tupu! Mke wangu kasema ua mbaya ndio unaolinda. Nimeung'oa wote na kuutia moto, asije mtu akanishauri niurudishe. Mama kasimama mlangoni kwake akitazama moshi. Kasema tu nisiache mbachao kwa msala upitao. Nikajifanya sikusikia.

Jumatano, 6 Machi
Ua umesimama kwa siku moja! Siri yangu: matawi mabichi, laini, mwiba hata mmoja hakuna. Majani tele. Mdogo wangu akiuona, waya wake atauonea haya. Hata mbuzi wameupenda, wameusogelea wote kuutazama. Mama kaniuliza kama nina hakika na majani hayo. Nikamwambia akalale, mwanawe yupo.

Alhamisi, 7 Machi
Wameula. Wameula ua! Upande mzima umebaki vijiti. Nimewakuta kwenye maharage ya mama, matumbo kama ngoma. Wote wapo ila mweupe, yule yatima aliyelelewa na mama kwa chupa, akilala chini ya kitanda chake hadi alipokua. Nyayo za fisi hadi korongoni. Nimemwita mpaka sauti ikakauka. Nimerudi na kengele yake tu. Nikaiweka juu ya kigoda cha mama, nikaondoka kama mwizi. Enzi za ua wa baba, fisi aliishia nje.

Ijumaa, 8 Machi
Mama kahama. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kafunga kibuyu chake cha maziwa, kigoda na ile kengele. Mdogo wangu kawaswaga mbuzi wa mama bila kujisifu hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Mama kaniaga, kaniambia nisikose kula. Nimekaa penye jivu la ua wa baba nikalia. Naandika tu, humu hasomi mtu.

Jumapili, 10 Machi
Majuto ni mjukuu, na wangu kawahi kuzaliwa. Mlango wa mama umefungwa kwa kamba, sitaki hata kuutazama. Mke wangu kasema nikate miiba, tawi moja moja, kama baba. Miaka yote hiyo! Mama atarudi lini? Nimewaza sana, na kosa nimeliona: majani yalikuwa mabichi. Jirani ananipa mabua makavu ya mahindi, bure, eti ng'ombe wake wameshiba hawayamalizi. Kesho naanza. Mama akisikia, atarudi mwenyewe.