Mstari Mwekundu kwenye Kioo cha Mafuta

Jumatatu, 13 Mei

Mnyapara Wiryo amestaafu leo. Hatimaye! Miaka kumi na tisa nimemsubiri aondoke. Wengine hufa, wengine huhamishwa, yeye alikaa tu kama kutu. Tumempa saa ya ukutani na keki. Akalia. Mimi pia nililia kidogo, kwa furaha.

Sasa banda la turbini halina mnyapara. Mwenye haki ni mmoja: Wagimun, mtu wa mafuta, yaani mimi. Pamoja na cheo huja ile nyumba ya kiwanda yenye baraza la vigae, ambayo mke wangu Sumirah huitazama kila akienda sokoni, halafu hunitazama mimi.

Mhandisi Bi Palupi, aliyeletwa kutoka Surabaya mwaka jana na ambaye hajui kutabasamu, amesema jina litatangazwa baada ya kufungua msimu wa kusaga miwa. Tutafungua Alhamisi Kliwon, tarehe 23. Siku imechaguliwa na wazee kwa kalenda yetu ya Kijawa, si na wahandisi. Miwa miwili itafungishwa ndoa, itapitishwa kwa ngoma, kisha bwana na bibi harusi wataingia kwenye roli za kusagia kabla ya muwa mwingine wowote. Turbini ikizunguka vizuri siku hiyo, mwaka mzima una baraka.

Kuna kikwazo kimoja tu. Ngadimin.

Jumanne, 14 Mei

Nieleze Ngadimin ni nani, nipunguze hasira. Ni mtu wa sili. Mimi natia mafuta kwenye gia na beringi, yeye anafunga zile pete za kuzuia mafuta yasichuruzike pembeni ya shafti. Basi! Kazi yake ni kizibo. Lakini kila mtu bandani: Ngadimin hivi, Ngadimin vile, sili zake hazivuji hata tone. Na mafuta yasingekuwepo, angezuia nini? Hakuna anayejiuliza.

Leo Bi Palupi amepitisha kidole chini ya shafti ya turbini namba mbili, akakiangalia, kikavu. Akasema mbele ya watu kwamba huyu ni fundi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na kopo la mafuta mkononi. Hakuniona.

Nimepata wazo. Sili nzuri kuliko zote haiwezi kuzuia mafuta yaliyozidi. Kwenye boksi la gia kuna kioo kidogo cha kipimo, na juu yake mstari mwekundu: mafuta yafike hapa, yasivuke. Mstari nimeuchora mwenyewe miaka ile. Nani atajua ukipanda kidogo? Zamu zote hutia mafuta kwa kufuata mstari, hakuna anayefikiri.

Jioni nimeazima rangi ya kucha ya binti yangu Yanti. Nimemwambia ni ya kazi ya kiwanda. Ameniangalia kwa huruma.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwangua mstari wa zamani kwa wembe, nimechora mpya juu zaidi, kwa upana wa kidole kimoja. Unang'aa kidogo kuliko ule wa kwanza, lakini nani ana muda wa kuchunguza mng'ao?

Saa nne zamu ya asubuhi ikajaza mpaka mstarini, kwa utiifu kabisa. Nikawasifu.

Alhamisi, 16 Mei

Inavuja! Inavuja! Turbini namba mbili ilikuwa kwenye majaribio, haina mzigo wowote, na tayari michirizi miwili chini ya sili ya Ngadimin. Nilikuwa wa kwanza kuiona. Nilikuwa wa kwanza kupaza sauti pia. Nikaweka ndoo chini, katikati ya njia, ili kila apitaye aulize.

Ngadimin alikuja, akachuchumaa, akanusa mafuta. Simpendi mtu anayenusa. Akaomba mashine isimamishwe, akafungua sili, akaiweka kwenye kitambaa cheupe, akaizungusha mara tatu. Akamwambia Bi Palupi sili ni nzima, haina hata mkwaruzo, labda waangalie mafuta.

Mafuta! Yangu! Nilimwambia mbele ya wote: "Mcheza ngoma mbovu husingizia uwanja!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Sawa, Kaka," akaifunga sili upya. Ndivyo alivyo, hujishusha ili watu wamwonee huruma.

Ijumaa, 17 Mei

Pigo. Bi Palupi ameagiza chupa moja ya mafuta kutoka boksi la gia ipelekwe maabara Surabaya. Nijaze mimi, kwa sababu ni kazi yangu.

Sijui maabara huona nini. Watu husema huona kila kitu. Je, wakiona kwamba mafuta yalikuwa mengi? Sikutaka kubahatisha. Nikajaza chupa kutoka pipa jipya ambalo halijawahi kuguswa. Tatizo: yalikuwa meupe mno, kama chai ya hospitali. Mafuta ya gia yaliyofanya kazi huwa na rangi. Nikatoka nje, nikachota kijiko kimoja kutoka kwenye injini ya pikipiki yangu, nikakoroga. Rangi safi! Ningekuwa mpishi, ningepata cheo zamani.

Jumatatu, 20 Mei

Majibu yamerudi. Bi Palupi ameyasoma kwa sauti mbele ya banda zima, polepole, kama hotuba ya msiba. Mafuta ni mapya, hayajawahi kuingia kwenye mashine yoyote. Isipokuwa yana petroli kidogo na unga wa pistoni.

Akauliza turbini yetu imeanza kunywa petroli lini. Mtu mmoja nyuma akajibu labda imepata leseni ya udereva. Kicheko! Watu wazima wakishika matumbo!

Nilisema chupa ilikuwa chafu. Bi Palupi akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema muda hautoshi kupima tena kabla ya Alhamisi, lakini tutalizungumza.

Mchana Ngadimin alinifuata nikila tempe yangu, vipande vya soya vya kukaanga, pembeni. Akakaa bila kukaribishwa. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mafuta yakizidi ni ugonjwa kama yakipungua. Bila mzigo yanachuruzika tu. Siku roli zitakapouma miwa, gia zitayapigapiga yawe povu, na povu halipozi beringi. Kikombe ukikijaza mno, usigombane na kisahani."

Ati ananifundisha mafuta! Mimi! Kizibo kinaihutubia chupa! Nikamwambia kila ndege huruka kwa ubawa wake, akashughulike na pete zake. Akanyanyuka. Alinibakizia kipande chake cha tempe. Nilikila, si vizuri kutupa chakula.

Jumatano, 22 Mei

Niwe mkweli, daftari hili ni langu. Usiku sikulala vizuri. Neno la povu limenikaa. Nimeamua kupunguza mafuta na kuurudisha mstari. Ushindi wenyewe nimeshaupata, sili ya Ngadimin imevuja mbele ya watu, inatosha.

Nilikuwa njiani kwenda bandani na ufunguo wa kufungulia mafuta mkononi. Hapo akanikuta katibu wa sherehe, akaniambia mbeba mwavuli wa maharusi ameumwa tumbo, je, ninaweza? Mimi! Kutembea mbele ya mkurugenzi, nimemfunika bwana harusi kwa mwavuli wa dhahabu! Mnyapara mtarajiwa anapaswa kuonekana hasa mahali kama hapo. Lakini ilibidi niende kupimwa koti papo hapo, kabla fundi cherehani hajafunga.

Mikono ya koti ilikuwa mifupi. Ikabidi isubiriwe. Baadaye kilemba. Baadaye picha ya majaribio.

Mafuta nitapunguza kesho asubuhi.

Alhamisi, 23 Mei

Asubuhi hapakuwa na nafasi. Saa kumi na mbili tayari tulikuwa kwenye mstari wa maandamano.

Niandike kwa mpangilio, ingawa mkono unakataa. Bwana harusi, muwa mrefu kuliko mimi, kavaa koti la mahameli jeusi. Bibi harusi kavaa kemben ya kijani, kitambaa cha kufungwa kifuani, na shada la yasmini. Ngoma zetu za gamelani zikipigwa. Sumirah alikuwa miongoni mwa watu, kavaa vazi lake la harusi ya dada yake, na alinitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu mwaka tuliooana. Nikatembea kama mfalme.

Mkurugenzi akabonyeza kitufe. Turbini namba mbili ikanguruma, roli zikazunguka. Maharusi wakawekwa. Bwana harusi akaingia mpaka kiunoni. Bibi harusi akaingia miguu.

Kisha kengele. Joto la beringi limepanda. Povu jeupe likaanza kutoka kwenye kipumuo cha boksi la gia, likatiririka chini kama sabuni ya dobi, likafika kwenye viatu vyeupe vya mkurugenzi. Turbini ikajizima yenyewe. Roli zikasimama. Wapiga gamelani waliendelea kupiga kidogo kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Halafu bibi mmoja akapaza sauti, "Jamani, ndoa imekwama!" Akaanza kulia. Wakulima wakaanza kuondoka mmoja mmoja na miwa yao ikiwa bado kwenye malori. Bwana harusi alitolewa kinyumenyume, roli zikizungushwa kwa mikono, bila koti.

Mimi nilikuwa bado nimeshika mwavuli. Sikujua niuweke wapi.

Katika vurugu ile nilimwona Ngadimin ameinama kwenye kioo changu cha kipimo na kitambaa chenye thina, dawa ya kuondolea rangi, akikisugua kwa nguvu. Watu wanalia, yeye anasafisha kioo! Kujipendekeza mpaka siku ya msiba.

Ijumaa, 24 Mei

Kikao. Nilijiandalia maelezo manne na sikuhitaji hata moja.

Mezani Bi Palupi aliuliza mafuta yamezidije wakati kuna mstari. Akauliza mstari wenyewe uko wapi, maana kioo ni kitupu. Alikuwa ananitazama mimi. Roho ilinishuka mpaka kwenye soksi. Nimebakiza miaka miwili kupata kiinua mgongo. Mtu akifukuzwa kwa kosa, hapati kitu. Niliwaza Sumirah, nikawaza namna ya kumwambia, nikaona ni heri nife.

Hapo Ngadimin akasimama. Akasema kosa ni lake. Akasema aliona sili inavuja, akaagiza mafuta yaongezwe bila kumwambia mtu wa mafuta, na mstari kaufuta yeye wakati wa kusafisha. Akasema Kaka Wagimun hahusiki.

Hahusiki! Mmesikia? Mbele ya mkurugenzi! Miaka yote nimesema huyu mtu si makini, nikaambiwa nina wivu. Sasa kakiri kwa kinywa chake! Nilishangaa kidogo, kwa sababu nakumbuka mstari niliuchora mimi. Lakini mtu hakiri kosa ambalo hakufanya. Lazima kuna jambo jingine alilifanya ambalo mimi silijui.

Jumapili, 26 Mei

Ngadimin amekuja nyumbani na karanga za kuchemsha. Kakaa ukingoni mwa kiti. Sumirah alimpa kahawa kwenye vikombe vya wageni, sijui kwa nini.

Alisema, "Kaka, imebaki miaka miwili. Imalize salama. Mimi bado nina nguvu, nitapata pa kuanzia." Akaniomba nisiguse tena kioo. Akaaga.

Nimelitafakari neno hilo jioni nzima. "Imalize salama." Ni kitisho, hakuna kingine. Nilimweleza Sumirah. Akatoa vikombe mezani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Wanawake hawaelewi mambo ya kazini.

Jumatano, 29 Mei

Mnyapara mpya ametangazwa: Sutikno, kutoka upande wa boila. Boila! Mtu wa kuchochea moto! Nyumba ya baraza imeenda kwake. Sumirah siku hizi huenda sokoni kwa njia ya nyuma.

Kuna jambo jingine. Bi Palupi aliniita ofisini peke yangu, akafunga mlango. Akaniambia kamati inataka kumwachisha kazi Ngadimin. Lakini kanuni inasema mtu akidhaminiwa na mwenzake aliyefanya naye kazi miaka zaidi ya kumi bandani, akaandika kwamba ni makini na mwaminifu, anabaki. Mwenye miaka hiyo ni mmoja tu. Akanisogezea karatasi na kalamu. Akanitazama muda mrefu, kisha akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Mzee Wagimun, sikuulizi kingine chochote. Sahihi tu."

Nilifikiri sana. Nilishika hata ile kalamu. Lakini mtu kakiri mbele ya mkurugenzi kwamba kaiharibu turbini, kaikwamisha ndoa. Nitaandikaje kwamba ni makini? Nilimwambia Bi Palupi kwamba nina kasoro zangu, lakini mimi si mtu wa kuweka jina langu kwenye uongo.

Nikamrudishia kalamu. Nikauliza, kwa kuwa nafasi itakuwa wazi, kama naweza kupewa na kazi ya sili. Meza ya Ngadimin iko karibu na dirisha, na ina feni.