Kamera Tatu Mkiani, Moja Usoni

Jumapili, 4 Agosti

Leo nimetangaza baada ya ibada, mbele ya kahawa na mashahidi, kwamba Jumamosi ijayo mke wangu Arlys atapanda ndege yangu. Arlys alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Ndiyo kwanza anasikia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Ndege nimeiunda kwa mikono yangu miwili, miaka kumi na mmoja, kwenye gereji. Majira fulani ya baridi mabawa yalilala sebuleni. Nimeendesha lori majimbo arobaini na moja na sijaona chombo kizuri kuliko hiki. Mwaka mzima sasa kinaruka. Kiti cha kulia bado kina nailoni yake. Mto wa kile kiti Arlys aliushona mwenyewe, akanikabidhi, akarudi jikoni. Hajawahi kuukalia.

Verlyn Tjaden, jirani yangu wa banda pale uwanja wa ndege, humrusha mkewe Donelda kila wiki. Donelda hupunga mkono dirishani kama malkia. Leo Verlyn ameniuliza kama kile kiti nakipangisha.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza Arlys shida hasa ni nini. Akasema hana shida. Anataka tu kuona kwa macho yake kwamba dude likiwa juu hakuna kinachodondoka.

Basi! Kamera mkiani! Inatazama mbele, inaona ndege nzima, Arlys anaona kila msumari umetulia. Kichwa hiki!

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeibandika ile kamera ya zawadi ya kustaafu juu ya mkia. Kwanza kikombe chake cha mpira kinachojinyonya kwenye bati, halafu utepe mpana wa kunata wa rangi ya fedha, mizunguko sita. Verlyn akaja na kikombe chake, akaangalia, akauliza kama maelekezo nimeyasoma. Nikamwambia maelekezo ni ya watu ambao hawajawahi kutoka nje ya Iowa.

Nimeruka dakika arobaini. Nimetua kama unyoya. (Ile midundo miwili ya mwanzo haihesabiki.) Nikaenda nyuma kuangalia.

Utepe upo. Kamera haipo.

Jumanne, 6 Agosti

Gaylen Boike, mfuga nguruwe, amepiga simu asubuhi. Kuna kitu kimeshuka zizini kwake. Hakuna nguruwe aliyeumia, ila jike mmoja amenuna.

Kamera nzima! Tatizo ni kwamba Verlyn alijitolea kuifuata, na kabla haijanifikia ilikuwa imeshaonyeshwa kwa watu tisa pale mgahawani. Dakika tisa za ndege yangu, nzuri mno. Kisha mbingu, mahindi, mbingu, mahindi, tope. Kisha dakika kumi na moja za ulimi wa nguruwe.

Arlys ameitazama yote. Akasema kumbe kimedondoka kitu. Nikasema kamera si sehemu ya ndege. Akauliza, ilikuwa juu ya ndege? Nikasema ndiyo. Akaenda kumwagilia nyanya.

Mpango mpya. Bolti, siyo utepe. Na kamera ya pili ya kuitazama ya kwanza, ili Arlys aone haidondoki. Na ya tatu ya kuitazama ya pili, maana hiyo nayo itashuhudiwa na nani? Na ya nne ndani, inielekee usoni, aone utulivu wa rubani. Tatu nimeazima kwa wawinda kulungu. Vishikizo ni vya chuma kizito, nimevichomelea mwenyewe.

Verlyn akasema, "Wewe Delmar, mkia ni mrefu. Kitu kidogo kule mwisho kinavuta kama mtu mzima aliyening'inia." Nikamwambia wivu utakuua.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeruka na kamera zote nne.

Pua ilinyanyuka yenyewe. Nikaisukuma chini. Ikanyanyuka tena, kama mbwa anayeomba mfupa. Nimezunguka uwanja mzima nimekandamiza usukani kwa mikono miwili na goti. Nimetua. Nikabaki nimekaa kitini kidogo, kufurahia mandhari.

Lakini hakuna kilichodondoka! Hata skrubu moja!

Baada ya chakula cha mchana nikamwonyesha Arlys filamu, sauti nimezima. Kitufe cha sauti alikitafuta mwenyewe. Basi jikoni mwetu ikasikika sauti yangu ikimwahidi Mungu kwamba nitauza kinanda changu cha kodiani, nitaacha kuisema vibaya kahawa ya kanisani, na nitamrudishia Verlyn keekee yake ya kutobolea niliyoiazima zamani.

Arlys alisikiliza hadi mwisho. Akasema hakujua kwamba ile keekee ni ya Verlyn. Kisha akaomba karatasi ya uzito wa ndege.

Hapo nikajua nimekwisha. Arlys alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la mizani ya ushirika wa nafaka. Lori linapanda, namba inatoka, ndiyo hiyo. Nimeona wanaume wa mashamba makubwa wakimbembeleza pale dirishani hadi machozi. Namba haikusogea.

Alhamisi, 8 Agosti

Karatasi inasema: rubani, ratili 190.

Arlys akauliza nilipimwa lini. Nikasema si zamani. Akauliza lini. Nikasema wiki ya harusi yetu. Akachukua funguo za gari.

Akaniendesha hadi kwenye mizani ya ushirika. Tukapanda na pikapu, mimi ndani. Kisha nikashushwa, nikasimama juani kama gunia, pikapu ikapimwa bila mimi. Kijana mpya wa dirishani akatoa hesabu, na kwa kuwa ndivyo walivyozoea, akaitangaza kwenye kipaza sauti pamoja na jina langu la ukoo: "Hruska! Mia mbili arobaini! Nafaka gani?"

Foleni ilikuwa ya malori manne. La tatu ni la Verlyn, na shayiri yake. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti, "Mpimeni na unyevu!"

Nikamwambia Arlys mizani ya malori inahesabu ishirini ishirini, kwa hiyo huenda mimi ni 221. Akasema au 259. Nichague.

Nimechagua 240.

Kisha akaandika uzito wake mwenyewe, 163, kwa wino, bila kupepesa jicho, akaniambia tumekuwa tukigombana na vitu vidogo. Alikuwa anamaanisha nini sijui. Ila alisema "tumekuwa", si "umekuwa".

Ijumaa, 9 Agosti

Arlys amepiga hesabu mezani, penseli na rula. Akanieleza taratibu, kama nilivyozoea kuwaeleza wageni wa barabara. Vyuma vyangu vinavuta mkia chini. Tumbo langu nalo linavuta huko huko. Yeye akikaa kwenye kile kiti na vyuma vikiwepo, pua haitakubali kushuka kabisa, na safari hii hakutakuwa na muda wa kumwahidi Mungu chochote. Vyuma vikitoka, na tanki likiwa nusu, tunafaa. Kwa kubana.

Akasema, "Mimi nilikuwa nangoja karatasi ya kweli tu, Delmar. Kamera au mimi. Chagua."

Miaka kumi na mmoja, na mtu anakuuliza swali hilo huku anamenya viazi!

Nimeenda uwanjani. Verlyn akaleta spana sahihi, maana zangu zilikuwa zimekula kona za bolti. Nikamrudishia keekee. Akaitazama muda mrefu, akasema alidhani amemzika nayo baba yake. Tukafungua bolti zote. Tukiwa peke yetu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba karatasi yake yeye inasema 180 tangu zamani, na Donelda asijue. Nimemwambia siri yake iko salama. Mtu mwema, Verlyn.

Verlyn alipoondoka nikairudisha kamera moja, kwa kishikizo cha plastiki. Ndogo. Upande ambao hauonekani.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo ni asubuhi ya pankeki, marubani wa pande zote wanakuja kula uwanjani. Ndege kumi na tisa zimetua uwanjani, watu wamejaa hadi barabarani. Mimi sikuruhusiwa hata pankeki moja. Arlys alisema kila moja inahesabika.

Kabla ya kupanda akaizunguka ndege yote akiipapasa, kama alivyokuwa akikagua malori. Alipofika mkiani akanyoosha kiganja. Nikaifungua ile kamera ndogo, nikamwekea kiganjani. Akampa Donelda ashike.

Akavua nailoni mwenyewe. Akaikunja.

Tumepanda. Pua ilitulia kama ng'ombe anayekamuliwa. Tulipofika juu ya ushirika Arlys akaomba nizunguke pale tena. Malori yalikuwa madogo kama maharage. Akayahesabu. Saba. Akasema miaka yote ile alikuwa anadhani foleni ni ndefu. Akacheka, mkono wake ukaja begani kwangu, na ukabaki pale hadi tulipotua.

Kwa dakika ishirini hivi sikukumbuka kamera.

Halafu nikakumbuka. Uso ule! Na hakuna hata picha moja! Verlyn mwenyewe hakuona, alikuwa kwenye foleni ya soseji.

Jumapili, 11 Agosti

Arlys anataka turuke tena Jumamosi. Amesema mwenyewe, bila kuulizwa, mbele ya mchungaji. Verlyn alimwagikiwa na kahawa.

Ametoa sharti moja. Nipungue ratili ishirini kabla mahindi hayajavunwa.

Nimekaa na penseli. Ratili ishirini. Kamera moja na kishikizo chake cha plastiki, haifiki nusu ratili. Kwa hiyo ndege inanidai kamera arobaini! Verlyn anasema ratili ya tumboni na ratili ya mkiani si kitu kimoja. Wivu umemrudia.

Mimi si mlafi. Nimeagiza sita.

Kupungua naanza kesho, leo kuna pai tamu ya mabua ya rubabu. Ila kwenye karatasi ya ndege nimeshaandika 220 kabisa, ili nisije nikafuta mara mbili.