Wimbo Ambao Watoto Hawaujui

Jumatatu, 2 Juni 2025
Barua pepe kutoka chuoni. Darasa la ualimu wa muziki limebakiza nafasi moja. Wanataka video: niwafundishe watoto wimbo wasioujua, dakika kumi. Mimi! Mimi ninayeagiza chipsi kwa kunyoosha kidole, kwa aibu ya kusema!

Nikikosa, Mama ameshaniandikisha kozi ya wasaidizi wa wauguzi, inaanza tarehe 16. Yeye ni muuguzi. Anasema wazee hawahitaji kuimbiwa, wanahitaji kugeuzwa kitandani.

Joyceline wa kwayani naye anaitaka nafasi hiyo. Ameshatuma yake. Alirekodi mara moja tu, anasema, tena bila kuchana nywele.

Jumatano, 4 Juni
Nimepata akili. Kuna watoto wanane hapa mtaani kwetu, Vickery Meadow, ninaowaangalia mama zao wakiwa kazini. Nitawafundisha wimbo sasa, kimyakimya. Jumapili, nikirekodi, watajifanya hawaujui, kisha wataushika mara moja. Muujiza! Si uongo. Ni maandalizi.

Ijumaa, 6 Juni
Wanaujua mno. Wanauimba kwenye ngazi, kwenye basi, chooni. Jirani wa chini ananisalimia kwa kiitikio.

Nimewaagiza wakosee mwanzoni. Cécile, miaka saba, akauliza akosee sana au kidogo. Nikamwambia wastani.

Jumapili, 8 Juni
Balaa. Nimesema tu hamjambo, wakaimba wimbo wote. Beti tatu! Sauti mbili! Nikawakonyeza. Wakakumbuka kukosea. Mmoja akajitupa chini akilia kwamba muziki ni mgumu, anataka kwenda nyumbani. Tulikuwa nyumbani kwao. Cécile akaigeukia kamera, akauliza kama hapo amekosea wastani.

Nikakaa sakafuni, nikajifunika uso. Cécile akaja akaniambia basi dada Avelina, usilie, tufundishe kingine. Nikampigia makofi aliyonifundisha bibi yangu, ya mapigo matano, bila kufikiri. Wote wakasogea. Wakashindwa, wakacheka, wakayapata.

Kamera ilikuwa bado inarekodi! Mwisho wa kutuma saa kumi na mbili jioni, na sijui kukata video. Nimetuma aibu yote.

Ijumaa, 13 Juni
Wamejibu. Mkuu wa muziki anasema dakika nane za kwanza alizivumilia. Mbili za makofi amezitazama mara tatu. Sijui aliona nini. Hata gauni sikuwa nimelipiga pasi.

Tumebaki mimi na Joyceline. Jumatatu asubuhi watatutazama mtandaoni tukifundisha, na wimbo watautuma wao, saa hiyohiyo. Joyceline anasema yeye wikiendi atalala.

Kozi ya Mama inaanza Jumatatu hiyohiyo, mchana. Sare imeshanyooshwa. Imetundikwa mlangoni kwangu, nikitoka inanigusa shavu.

Safari hii sikosei. Nimekusanya nyimbo arobaini wanazoweza kutuma. Kesho saa mbili asubuhi naanza kuwafundisha watoto zote. Cécile ameshaanza mazoezi ya kushangaa.