Pipa Jeusi Juu ya Bati

Jumamosi, 5 Oktoba 1996
Domitila atakoma! Gesti yake ya ng'ambo ya barabara inajaa kwa sababu moja tu: kila mgeni anapelekewa ndoo ya maji yaliyochemshwa kwa moto wa pumba za mpunga. Ushamba. Leo nimepandisha pipa juu ya bati la gesti yangu, nimelipaka rangi nyeusi, jua linapasha bure. Bomba linashuka hadi bafuni, mdomoni mwake kopo nililolitoboa kwa sindano, maji yanashuka kama ukungu. Bafu la mvua, hapa hapa Mlabani! Mke wangu Dativa kauliza ule utelezi wa kijani ndani ya pipa utasuguliwa lini. Nimemweleza kwamba ndio unaotunza joto.

Jumapili, 6 Oktoba
Baba mkwe, Mzee Kelestini, kaingia kutoka Michenga. Marahaba yake ilikuwa ya mbali. Dativa kaninong'oneza: amekuja kuangalia kama binti yake aendelee kuishi na mimi na mipango yangu, au arudi naye nyumbani. Nimemfungulia bafu mwenyewe. Katoka anacheka! Kasema ataoga asubuhi na jioni.

Jumapili, 13 Oktoba
Mungu wangu! Mzee anatetemeka, anakohoa, kifua kinambana, anamwita Dativa kwa jina la marehemu mama yake. Tumemkimbiza hospitali kwa baiskeli, Dativa akimshikilia nyuma. Mimi sitaki kuambukizwa. Nimetenga sahani yake, nimekataa kumpa mkono, nikarudi kuoga bafuni mpaka vidole vikakunjamana.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimeduwaa. Daktari kasema kipimo chenyewe hapa hakuna, ila anashuku vijidudu vinavyozaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama, hasa penye utelezi. Nikajitetea kwamba mzee hakuyanywa hata tone. Akasema si kunywa: ni kuyavuta kwa pumzi, yakiwa ukungu, mpaka mapafuni. Wala mtu hamwambukizi mwenzake. Nikauliza yale ya Domitila. Yaliyochemka, kasema, hayana neno. Hilo limenichoma! Dativa kaapa mbele ya daktari kwamba baba yake akifa, mimi na yeye basi. Nimelia. Kweli nimelia.

Jumapili, 27 Oktoba
Dawa mpya imemkubali! Mzee katoka hospitali, kakonda lakini anakula. Na katamka: nikifuata aliyosema daktari, Dativa abaki. Nimefuata neno kwa neno. Bafu nimelipiga kufuli, hakuna atakayeoga maji yale tena. Bomba la pipa nimelihamishia barazani, pale wageni wanapokula, na kopo jipya lenye matundu madogo zaidi, ukungu uwapoze na hili joto. Domitila hana hata feni! Mzee Kelestini nimemwekea kiti chini ya kopo kabisa.