Kidole Kimoja, Funguo Zote

Jumatatu, 3 Machi

Dada katangaza leo asubuhi, mashine zote zikinguruma: anafungua duka la pili la udobi, ng'ambo ya barabara kuu, na msimamizi wake atatoka humu humu ndani. Akanitazama mimi. Kisha akamtazama Shemeji. Mimi nilitazamwa kwa muda mrefu zaidi, nina hakika.

Shemeji ni mdogo wa mume wa dada. Kazi yake kupeleka nguo kwa wateja kwa pikipiki. Mdomo wake hauna breki, na pikipiki nayo hivyo hivyo. Kasema msimamizi lazima awe mtu wa kutembea, si mtu wa kukalia kiti cha mapokezi mpaka kiti kichoke. Watu wakacheka. Nikacheka nao, moyoni nanoa kisu.

Ila kuna habari njema. Dada kalipia programu ya kutunza nywila. Za kwetu zilikuwa zimeandikwa ukutani juu ya swichi, hadi wateja wanazijua kwa kichwa. Sasa barua pepe ya duka, oda, umeme, muuza sabuni, vyote vinaingia kwenye vishikwambi vyetu viwili, chini ya kufuli moja. Kazi ya kupanga kapewa nani? Mimi! Dada kasema kila mfanyakazi apewe njia yake ya kufungua. Nikasema sawa, dada. Kusema ni bure.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umekamilika: kufuli litafunguka kwa alama ya kidole. Nimewaita wafuaji mmoja mmoja, kila mtu akiwa ndiyo kwanza anatoka kwenye beseni, vidole vimekunjamana kama zabibu kavu. Kishikwambi kikakataa kuvisoma. Shemeji nikamwita akiwa na grisi ya mnyororo. Kikakataa. Nikaweka changu, kikavu, nimekipangusa kwa kitambaa. Kikafunguka! Nikasema kwa masikitiko makubwa kwamba, jamani, itabidi kidole kiwe changu peke yangu.

Nywila kuu, ile ya kufungulia kidole kikishindwa, pia nimeitunga mwenyewe. Ndefu. Ina herufi kubwa, alama, namba, na katikati tusi dogo kwa Shemeji. Sijamwambia mtu. Hata wewe shajara hutaambiwa.

Jumatano, 5 Machi

Raha iliyoje! Hakuna kinachofunguka bila mimi. Mama Pasi, mpiga pasi wetu, ambaye jana alikuwa ananiita “wewe”, leo kaniita mwanangu na kunibembeleza nimwekee kidole. Chakula cha mchana sikula. Kila nikifungua bakuli, kishikwambi hiki hapa. Nikaingia chooni, kikapitishwa chini ya mlango. Nikaweka kidole. Uongozi ni mzigo.

Shemeji kauliza kwa nini wasikikate hicho kidole wakakitundika ukutani, ili mimi nikapumzike. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi

Mali hailindwi kwa maneno. Nimevaa glavu ya mpira mkono wa kulia na siivui mpaka kazi iniite. Sibebi furushi. Sisalimii mtu kwa mkono. Mke wangu kauliza naumwa nini. Nikamwambia kidole hiki ndicho kitakachotufikisha duka jipya. Kasema kabla hakijafika huko kipitie jikoni, kuna vyombo. Nimeosha kwa mkono wa kushoto. Sahani mbili hazipo nasi tena.

Jumamosi, 8 Machi

Mkosi! Majoho ya kwaya yako tayari, yamenyooshwa vizuri, yanatakiwa kwenye harusi leo leo. Maelekezo ya mahali pa kuyapeleka yamo kwenye barua pepe ya duka. Shemeji keshawasha pikipiki. Dada kasimama mlangoni. Wote wananingoja mimi. Nikavua glavu kwa madaha.

Kidole kimekunjamana! Kimejipika kwenye jasho, kimewazidi wafuaji wote. Nikakiweka, kikakataa. Nikakipuliza, kikakataa. Nikakikausha kwa pasi ya Mama Pasi, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu. Nikapiga yowe. Kikakataa tena, safari hii kikiwa na lengelenge.

Basi nywila kuu! Tusi nalikumbuka neno kwa neno. Vilivyolizunguka vimeyeyuka. Nikabonyeza, nikafuta, nikabonyeza, mwisho kioo kikaniambia nimekosea mno, nisubiri. Simu ya mwalimu wa kwaya inaita. Shemeji kaanza kuimba. Eti kama majoho hayafiki, walau sauti ifike.

Dada hakugomba. Katoa simu yake, kaigusa, kasoma maelekezo kwa sauti, Shemeji huyooo. Kumbe aliyelipia ndiye mwenye akaunti! Angeweza kufungua tangu siku ile ya kwanza. Nikamuuliza mbona alininyamazia. Kasema alitaka kuona mtu anayeomba duka zima atafanya nini akipewa kufuli tu. Niliona aibu mbele za watu. Iliuma kuliko lengelenge.

Jumatatu, 10 Machi

Duka jipya kapewa Shemeji. Kila mtu kapewa nywila yake. Mimi nimerudi mapokezi kwangu.

Lakini nisikufuru. Nimekula chakula cha mchana chote, kikiwa moto. Chooni nimekaa kwa amani. Shemeji kaniletea dawa ya kuungua, kasema msimamizi lazima ajali watu wake. Nimeipaka kwa kinyongo. Inafanya kazi vizuri, bahati mbaya.

Jumatano, 19 Machi

Dada kanituma duka jipya nikamfundishe Shemeji programu ya nywila. Kasema hakuna anayeijua kama mimi, na yaliyopita yamepita. Nilifurahi, sifichi.

Duka zuri! Linanukia rangi. Shemeji kanipa soda baridi, kaniita mwalimu, kanikalisha kwenye kiti chake kinachozunguka. Nikamfundisha kwa moyo mweupe: kila mtu na nywila yake, asiwepo mtu mmoja wa kushika kila kitu, maana binadamu tuna tamaa. Kasema kweli aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaitikia kwa kichwa.

Kisha akatoka kupokea mashine mpya. Nikabaki na kishikwambi.

Wiki hii nimejichunguza sana, na kosa langu nimeliona. Nilitumia kidole cha mkono. Mkono unaosha, unashika, unaungua. Nikavua kiatu. Nikavua soksi. Kidole gumba cha mguu, kikavu, hakijawahi kufua hata leso. Kishikwambi kimekisoma mara ya kwanza! Nimekisajili. Kwa dharura tu.

Shemeji karudi kanikuta nafunga kamba za kiatu. Kanishukuru kwa dhati, kanisindikiza hadi barabarani. Nimerudi nyumbani kwa miguu, polepole, macho chini, nisije nikajikwaa.